Grisi Inayopitisha Joto na Umeme: Wapi Ipakwe, Wapi Isiguse

Mota ya pampu ya maji imefungwa beringi mpya, na baada ya miezi michache inaunguruma tena. Fundi anaifungua. Grisi ipo, maji hayakuingia, shafti imenyooka. Lakini mfereji wa gololi umechorwa mistari iliyolala sambamba kama bati la kuezekea, na grisi imegeuka nyeusi ti. Beringi hiyo haikukosa kulainishwa. Imeliwa na umeme.

Mota nyingi za viwandani, za lifti na za visima vya sola siku hizi huendeshwa na invata inayobadilisha kasi, na invata ndiyo inayoleta balaa hili. Penye balaa hapakosi dawa madukani: grisi, oili na pesti zilizoandikwa “nano”, “grafini” au “nanotubi za kaboni”, zikiahidi kupitisha joto na umeme huku zikilainisha. Baadhi ni bidhaa za kweli zenye kazi maalumu. Nyingine zinauza jina tu, na chache zitaunguza kifaa zikipakwa pasipo pake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa fundi wa mota, fundi kompyuta, mwenye sola nyumbani na mwenye bodaboda. Swali la kubeba dukani ni hili: mahali ninapotaka kupaka, joto linatakiwa lipite, umeme unatakiwa upite, au kimojawapo ni mwiko?

Kwa nini oili peke yake haipitishi

Oili ya madini ni kihami. Umeme haupiti ndani yake kwa urahisi, ndiyo maana transfoma hujazwa mafuta. Joto nalo hupita kwa shida: uwezo wa oili kupitisha joto ni takriban wati 0.14 kwa mita kwa kelvini, maji ni 0.6, shaba ni karibu 400. Kinachobadilisha hali hiyo ni chembe zinazochanganywa humo: fedha, shaba, kinywe, oksidi ya zinki, au kaboni iliyotengenezwa kwa vipimo vya nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na kitu huitwa cha nano kikiwa kati ya nanomita 1 na 100.

Ili umeme upite, chembe lazima zigusane au zikaribiane sana, zifanye mnyororo kutoka chuma kimoja hadi kingine. Chembe za mviringo huhitajika nyingi ndipo mnyororo ukamilike. Nanotubi, zilizojulikana sana baada ya Sumio Iijima kuzieleza mwaka 1991, ni nyembamba na ndefu, kwa hiyo chache tu zinatosha kushikana. Grafini, iliyotengwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester, ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko majina haya: mwanzoni mwa karne ya 20 Edward Acheson wa Marekani alikuwa tayari anauza oili yenye kinywe kilichosagwa laini mno.

Kwa joto, hesabu inahitaji utulivu zaidi. Mwaka 2001, Stephen Choi na wenzake walitangaza kwamba asilimia 1 ya nanotubi, kwa ujazo, imeongeza upitishaji joto wa oili ya sintetiki kwa asilimia 160. Habari hiyo ilisisimua dunia ya uhandisi. Lakini mwaka 2009 maabara zaidi ya 30 zilipima sampuli zilezile za vimiminika vya nano vya aina mbalimbali na hazikuona muujiza. Matokeo yalifuata kanuni za kawaida za michanganyiko. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walieleza grisi iliyogandishwa kwa nanotubi zenyewe badala ya sabuni inayogandisha grisi za kawaida. Kwa asilimia 11 ya uzito, upitishaji joto ulipanda asilimia 60 hadi 70, na grisi ikawa inapitisha umeme.

Ni mafanikio mazuri, lakini yapige hesabu: 0.14 ikiongezeka kwa asilimia 70 inafika karibu 0.24. Pesti ya kawaida ya prosesa huanzia 1 na kupita 8. Kwa hiyo anayekuuzia grisi ya nano ya beringi akisema itapoza mota kama bamba la kupoozea, mwambie akuonyeshe kipimo.

KISANDUKU: Familia tatu, kazi tatu

*Joto lipite, umeme usipite.* Pesti na grisi zenye oksidi ya zinki, alumina au boroni nitridi. Ni za transista, prosesa na taa za LED.

*Joto na umeme vipite.* Zenye kinywe, nanotubi, grafini, fedha au shaba. Ni za kuondoa umeme tuli, za baadhi ya swichi na maungio ya chuma, na za beringi chache zilizoidhinishwa na mtengenezaji.

*Zisizopitisha umeme, na joto ni kidogo tu.* Grisi ya silikoni, vaselini na grisi ya kawaida. Hufukuza maji kwenye plagi na vichwa vya betri.

Rangi husaidia kidogo. Nyeupe mara nyingi ni ya familia ya kwanza. Nyeusi na ya kijivu inayong’aa mara nyingi ni ya pili. Lakini grisi yenye molibdeni nayo ni nyeusi na haikutengenezwa kupitisha umeme, kwa hiyo soma karatasi ya bidhaa badala ya kuamini macho.

Unene ni muhimu kuliko jina

Chukua kifaa kinachotoa wati 100 kupitia eneo la sentimita 10 za mraba. Ukipaka pesti ya kiwango cha 4 (wati kwa mita kwa kelvini) kwa unene wa milimita 0.05, tofauti ya joto kati ya kifaa na bamba ni nyuzi 1.25 tu. Ipake pesti hiyohiyo kwa unene wa milimita 0.5 na tofauti inakuwa nyuzi 12.5. Sasa nunua pesti ya bei mbaya ya kiwango cha 8 na uipake nene vilevile: nyuzi 6.25. Pesti ya bei nafuu iliyopakwa vizuri imeishinda mara tano ile ya gharama.

Umeme nao hufuata mkondo huo. Grisi ya kaboni inaweza kuwa na ukinzani wa omu-sentimita 100, yaani karibu mara milioni 60 ya shaba. Ukichomeka ncha za multimita ndani ya kopo utasoma ukinzani mkubwa na kudhani umeuziwa bandia. Ila grisi hiyo ikibanwa kuwa utando wa maikromita 1 juu ya milimita moja ya mraba, ukinzani wake ni omu 1 hivi. Inatosha kuondoa umeme tuli na mikondo midogo. Haitoshi kubeba mkondo wa invata ya sola, na hakuna grisi inayochukua nafasi ya nati iliyokazwa.

Beringi za mota inayoendeshwa na invata

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo pasomwe polepole.

Invata hutengeneza umeme wa mota kwa kuwasha na kuzima transista maelfu ya mara kwa sekunde. Mapigo hayo hayajisawazishi kikamilifu, na mabaki yake hujikusanya kwenye shafti. Shafti inaelea juu ya utando wa mafuta ambao mara nyingi haufiki maikromita moja. Volti zikizidi, utando unatobolewa na cheche, chuma kinayeyuka kidogo na kishimo kinabaki. Vishimo vikiwa mamilioni, sura ya mfereji hufifia. Baadaye huja ile mistari, na pamoja nayo ngurumo.

Grisi inayopitisha umeme inataka kuuzuia mrundikano huo kwa kuupa umeme njia laini ya kupita. Wazo ni sahihi. Tatizo ni kwamba utando wa mafuta hubadilika kwa kasi, mzigo na joto: sasa chembe zinagusana, baadaye kidogo hazigusani, na cheche inarudi. Tena chembe zikishikana na kuwa donge kubwa kuliko utando, gololi huzipanda na kukwaruza chuma. Ndiyo maana grisi ya kawaida ya kinywe, nzuri sana kwa springi na gia za wazi, haifai kwenye beringi za kasi. Nanotubi moja ni nyembamba ya kutosha kupita bila kuleta madhara. Donge la nanotubi si hivyo. Thamani ya bidhaa iko kwenye ustadi wa kuzitawanya, jambo ambalo jikoni au karakana ya kawaida haiwezi.

Kwa sababu hiyo grisi iwe hatua ya mwisho. Treni za umeme zina tatizo linalofanana na hili, na suluhisho lake ni brashi za kaboni kwenye ekseli, ili mkondo unaorudi relini usipitie kwenye beringi. Kwenye mota, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Thibitisha ugonjwa. Kata pete ya nje ya beringi iliyokufa, isafishe, itazame kwa lenzi. Mistari iliyobanana kuzunguka mfereji huashiria umeme. Alama zilizoachana kwa umbali uleule wa gololi hadi gololi kwa kawaida huletwa na mtetemo mota ikiwa imesimama, na hapo dawa ni nyingine kabisa.

2. Pima. Volti za shafti hupimwa kwa osiloskopu na brashi maalumu. Multimita ya kawaida haiyaoni mapigo mafupi kiasi hicho. Kazi hii ifanywe na fundi umeme aliyefunzwa. Shafti inayozunguka huvuta mikono ya shati na vidole.

3. Rekebisha ethi. Kebo kati ya invata na mota iwe yenye ngao ya chuma, ngao iungwe pande zote mbili kwa kuizunguka kebo yote, si kwa kusokota kipande cha waya. Kiunzi cha mota kirudi kwenye ethi ya invata kwa njia fupi.

4. Ipe shafti njia nyingine. Funga pete ya kutuliza umeme kwenye shafti, au tumia beringi iliyohamiwa au yenye gololi za kauri. Kwenye mota kubwa mara nyingi huhitajika vyote viwili. Ukihami mota peke yake, angalia mkondo usihamie kwenye beringi za pampu.

5. Sasa ndipo uifikirie grisi. Tumia ile tu ambayo mtengenezaji wa mota au beringi ameikubali kwa kasi na joto lako. Ondoa ya zamani yote. Grisi ya lithiamu na ya poliyurea mara nyingi hazipatani. Zikichanganyika huweza kulainika na kuvuja.

6. Pima kiasi. Kanuni inayotumika sana ya kuongeza grisi: zidisha kipenyo cha nje cha beringi kwa upana wake, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005, jibu ni gramu. Beringi 6308 ina kipenyo cha nje cha 90 na upana wa 23, kwa hiyo ni gramu 10 na ushei. Pima kwanza kwenye mizani bomba lako la grisi linatoa gramu ngapi kwa mpigo mmoja.

7. Endesha na ufuatilie joto. Litapanda kidogo kisha lishuke baada ya saa chache. Lisiposhuka, huenda umejaza kupita kiasi.

Beringi zenye mifuniko pande zote mbili hazifunguliwi kuongezwa grisi. Zikiharibika hubadilishwa.

Prosesa, taa za LED na transista za umeme

Hapa joto ndilo linalotafutwa, na umeme kwa kawaida ni adui. Mgongo wa chuma wa transista nyingi, ndani ya invata na chaja za sola, una umeme wa mzunguko wenyewe. Umetenganishwa na bamba la kupoozea kwa karatasi nyembamba ya kuhami. Pesti ya fedha au kaboni ikichuruzika ukingoni na kuunganisha pande mbili, shoti inatokea siku ileile kifaa kinapotengenezwa.

1. Zima, chomoa, na uiache kapasita ipoteze chaji. Kwenye invata kapasita hubaki na volti za kuua. Fuata muda ulioandikwa kwenye kifaa, kisha pima.
2. Futa pesti kuukuu kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi.
3. Weka tone la milimita 4 hadi 5 katikati ya prosesa ya kawaida ya kompyuta. Prosesa kubwa inahitaji zaidi.
4. Shusha bamba wima bila kulizungusha. Kaza skrubu kwa kukatiza kona kwa kona, kidogo kidogo.
5. Washa, soma joto kwenye programu, uandike. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia baada ya mwaka kama pesti imekauka.

Ipo pia pesti ya metali kimiminika yenye galiamu. Hupitisha joto vizuri sana, lakini galiamu huingia ndani ya alumini na kuifanya ivunjike. Isiguse bamba la alumini hata kwa bahati mbaya.

Gari na pikipiki za umeme zina mfano mwingine wa mwiko huu. Mota zinazopozwa kwa oili inayogusa nyaya moja kwa moja zinahitaji oili inayoondoa joto huku ikihami. Kuitia kaboni oili ya namna hiyo ni kuitafutia mota shoti.

Vichwa vya betri, plagi na nyaya za alumini

Kosa ni moja, linarudiwa kila mahali: grisi inapakwa kati ya chuma na chuma ili “umeme upite vizuri”. Mkondo mkubwa unapitishwa na metali zilizosafishwa na kubanwa.

1. Sugua kichwa cha betri na kibanio hadi ving’ae.
2. Funga na ukaze.
3. Paka vaselini au grisi ya silikoni kwa nje, ili kuzuia hewa na maji.

Kwenye plagi zenye pini nyingi usipake kabisa grisi inayopitisha umeme. Itaunganisha pini na pini.

Nyaya za alumini ni jambo la pekee. Alumini hujifunika oksidi inayohami mara tu inapoguswa na hewa, kwa hiyo kuna grisi ya maungio yenye vumbi la zinki linalotoboa oksidi hiyo nyaya zinapobanwa. Paka, sugua kwa brashi ya waya ndani ya grisi hiyohiyo, ingiza kwenye kiungio kilichotengenezwa kwa ajili ya alumini na shaba, kisha kaza. Unganisho la kabla ya mita ni kazi ya shirika la umeme.

Bodaboda ya petroli: usimimine chupa ya nano

Pikipiki nyingi za petroli zina klachi inayooga kwenye oili ya injini. Klachi inahitaji msuguano ili ishike. Kiongezeo cha kinywe, molibdeni au grafini kinachopunguza msuguano kinaweza kuifanya iteleze: injini inapiga kelele, pikipiki haiendi, hasa ukipanda mlima na abiria. Kwa klachi hizo tafuta oili yenye alama JASO MA au MA2. Alama MB ni ya pikipiki zisizo na klachi ya namna hiyo, kama skuta nyingi.

Oili nzuri pia imepimwa pamoja na sabuni na viongezeo vyake. Chembe zisizopatana navyo hushikana, hukaa chini ya sampu au kuziba filta.

Kabla ya kulipa: orodha ya kukagua

☐ Je, karatasi ya bidhaa inataja upitishaji joto kwa wati kwa mita kwa kelvini, na jinsi ulivyopimwa? Kwa pesti, njia inayojulikana ni ASTM D5470.
☐ Je, inataja ukinzani wa umeme kwa namba, au inasema tu “inapitisha”?
☐ Kwa grisi ya beringi: oili ya msingi, kigandishi, daraja la NLGI na kiwango cha joto vimeandikwa?
☐ Je, kuna karatasi ya usalama yenye sehemu 16?
☐ Kwa oili: iache sampuli kwenye chupa angavu wiki kadhaa bila kuitikisa. Tope likikaa chini, chembe hazikutawanywa vizuri.
☐ Je, mtengenezaji wa mashine ameikubali kwa maandishi?

Bidhaa isiyo na namba hata moja kati ya hizi irudishwe kaunta, hata kama kopo lake linang’aa.

Onyo la afya, na kishawishi cha kujichanganyia

Tanzania ina akiba kubwa za kinywe, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, na si ajabu mtu akawaza kusaga kidogo na kuchanganya na grisi yake. Kinywe ghafi hubeba silika na madini mengine magumu. Ndani ya beringi, silika ni msasa.

Unga wa nanotubi ni hatari zaidi, kwa mapafu. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, mwaka 2013 ilipendekeza hewa ya kazini isizidi maikrogramu 1 ya nanotubi na nyuzi za kaboni za nano kwa mita moja ya ujazo, na aina moja ya nanotubi, MWCNT-7, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Zikiwa zimefungwa ndani ya grisi haziruki hewani. Hatari huja kwa unga mkavu, na kwa kusugua au kupuliza kwa kompresa beringi yenye grisi iliyokauka.

Kwa hiyo usinunue unga. Vaa glavu za nitraili. Futa grisi kuukuu ingali laini, kwa kitambaa chenye kiyeyusho, usipulize. Weka vitambaa kwenye mfuko uliofungwa pamoja na oili chafu inayopelekwa kwa wakusanyaji wenye kibali, mbali na jiko na mtaro wa maji. Mwisho, bandika kwenye mota kibandiko chenye jina kamili la grisi, kigandishi chake, gramu ulizoweka na tarehe, ili fundi atakayekuja baada yako asipige nyingine juu yake.